Mafuta ya Alizeti kwenye Kigae cha Mwajabu

Mama Chausiku, jirani wa chumba cha tatu, anaapa kwamba mashine ilikataa yenyewe. Anasema siku ile, katika karakana ya mafuvu pale Kihonda, Kidole, ndiyo mashine yenyewe, kilikuwa kinashuka juu ya bati, mara kikasita, kikatoka jasho la mafuta, kikanena kwa sauti nzito: "Hiki ni kichwa cha mtu!" Wafanyakazi wote wakapiga magoti. Mama Chausiku hakuwapo, siku hiyo alikuwa anaanika dagaa, lakini ukimbishia atakutajia hadi rangi ya jasho lenyewe.

Zamoyoni Mkude, ambaye alikuwapo, humwacha amalize, kisha huendelea kuchambua mchele wake.

Kidole ni mkono wa chuma wenye ncha ya mviringo, ndogo kama punje ya choroko. Hakitumii kalibu wala nyundo. Bati jembamba la titani hubanwa kingo zote nne, halafu ncha ile hulisukuma huku ikizunguka, kila mzunguko ikishuka kiasi cha unywele, mpaka bati tambarare linakuwa kigae cha fuvu, cha kuziba pengo la kichwa cha mtu mmoja tu duniani. Taabu ya bati ni kwamba halitulii pale ulipoliweka. Ukiliachia, hurudi kidogo. Kwa hiyo Kidole hupima jinsi bati linavyokikinza. Likikinza sana, kinajua litarudi sana, nacho huzidisha kina mapema; kisipoelewa jambo, huuliza kwa maandishi na kwa sauti. Nguvu hiyo hujichora kwenye kioo kama mstari, na kazi ya Zamoyoni ilikuwa kuutazama mstari huo. Shule aliishia darasa la saba. Lakini kwa miaka minne alikuwa amekaa mbele ya kile kioo, na mistari alikuwa anaijua kama mtu anavyojua vishindo vya watu wa nyumbani kwake.

Siku hiyo kigae kilikuwa cha Mwajabu, mdogo wake wa tumbo moja. Mwajabu alianguka kutoka juu ya paa akisafisha paneli za jua, madaktari wakamwondoa kipande cha fuvu ili ubongo uliovimba upate nafasi. Miezi mitatu alishinda na kofia ngumu, hata akila. Sasa alikuwa ameanza kupatwa na kifafa. Upasuaji ulipangwa kesho yake asubuhi. Bati la titani lilikuwa limebaki moja, na shehena nyingine ilikuwa mbali, ya kungoja wiki nane.

Katika karakana ile, anayekaa mbele ya kioo ndiye anayepaka bati grisi, kwa mkono wake. Grisi yenyewe ni nyeusi, inanuka kama uvungu wa lori. Zamoyoni alijua kigae kitaoshwa na kuchemshwa mara tatu kabla ya kutoka. Alijua kabisa. Lakini mkono ulimgomea. Kitu cha kukaa ndani ya kichwa cha Mwajabu akipake uchafu ule? Akatoa mfukoni kichupa alichotoka nacho nyumbani asubuhi, cha mafuta ya alizeti aliyoyakamua mama yao, akapaka bati lote, polepole, akabonyeza kitufe cha kuanza.

Mizunguko hamsini ilikwenda vizuri. Wa sitini, mstari ukaanza kupanda. Pale ambapo siku zote hutulia kwenye kilo themanini, ulisoma tisini, tisini na tatu. Karakana ikajaa harufu ya maandazi.

"Nani anakaanga humu?" Mhandisi Stumai Kunambi aliuliza akiingia. "Maana mimi sijanywa chai, msinitese."

Zamoyoni alikuwa ameshaelewa. Mafuta ya alizeti yalikuwa yanaungua chini ya ncha, ncha inakwaruza badala ya kuteleza. Kidole kilisikia ukinzani, kikadhani bati ni gumu, kikazidi kuzamisha. Akabonyeza kitufe chekundu. Ncha ikasimama.

"Ni mimi," alisema. "Nimepaka mafuta ya kula."

Mhandisi alimtazama. "Ya kula? Wewe, Zamoyoni? Angefanya hivyo mgeni wa juzi ningeelewa."

"Ni kigae cha Mwajabu, Dada Stumai."

Mhandisi akavua koti. "Usilegeze kibano. Ukikilegeza sasa, bati litarudi na kosa lake, hatutalipata tena. Lete spiriti na pamba."

Wakalifuta bati likiwa limebanwa vilevile, wakalipaka grisi nyeusi. Kidole kikapita juu yake kikigusa tu, kikijifunza upya. Kwenye kioo ikatokea: upande wa kushoto umezama milimita moja na nukta tatu kupita kiasi. Kinachoruhusiwa ni nusu milimita.

"Tutalirudisha kwa kidole cha nyuma, kile kinachokaa chini ya bati," Mhandisi alisema. "Ila bati limeshakonda pale. Likivuka kilo arobaini litachanika. Macho yako wewe nayaamini kuliko yangu. Shika kitufe."

Kidole cha nyuma kikaanza kusukuma kutoka chini. Thelathini. Thelathini na nne. Zamoyoni hakupepesa. Thelathini na nane, na pale mstari ukatetemeka kama uzi uliovutwa. Kidole chake mwenyewe kikakaza juu ya kitufe, lakini hakubonyeza. Tetemeko lile alilijua, ni la bati linalokubali. Mstari ukainama, ukashuka.

Wakalegeza kibano. Bati likalia *tik*, likarudi linavyotaka. Taa ya kupimia ikapita juu yake kutoka ukingo hadi ukingo.

Sifuri nukta nne.

"Imeingia!" Mhandisi akapiga kofi mezani. "Haya, sasa nani ananiletea maandazi ya kweli?"

Zamoyoni alicheka, akakaa sakafuni palepale.

Wiki tatu baadaye Mwajabu alikuwa barazani bila kofia, nywele zimeanza kuota, kifafa hakijarudi. Aliposimuliwa yote alishika kichwa akicheka. "Ndiyo maana nikinusa maandazi kichwa kinaniwasha! Ila Mama Chausiku usimwambie, dada. Mwache na jasho lake la mafuta."

Jumatatu iliyofuata Zamoyoni akakaa tena mbele ya kioo. Pembeni mwake, tangu siku ile, kulikuwa na maandishi ya Kidole: *Mafuta yalibadilishwa. Naomba sababu, nijifunze.* Chini yake kulikuwa na majibu ya kuchagua: kopo limeisha, makopo yamefanana, haraka, nyingine. Akagusa "nyingine". Pakafunguka mahali peupe pa kuandika.

"Sababu ni ipi, Zamoyoni?" Kidole kiliuliza kwa sauti yake ya taratibu. "Naomba uniambie."

Alifungua kopo la grisi nyeusi. Bati la leo lilikuwa la mzee mmoja wa Kilosa ambaye hajawahi kumwona. Akachota kwa vidole viwili na kuanza kulipaka, polepole, kutoka katikati kwenda kingoni, kama mtu anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha. Kwenye kioo, mahali pa jibu palibaki peupe.