Kilo za Mtu Mmoja

Kwanza walisikia mabati.

Ilikuwa sauti ya mabati hasa, kama lori linamwaga shehena nyuma ya kilima, kisha lori jingine, kisha jingine, ila mahali pale hapakuwa na kilima wala lori. Palikuwa na Ziwa Kivu tu, limelala wazi kati ya ufuko wa Katana na kisiwa cha Idjwi, maji yake laini kama mafuta ya mawese. Akonkwa alisimama juu ya ubao wake, ameshika tanga lisilo na upepo. Ubao ulikuwa umezama kidogo chini ya uzito wake, maji yakamfunika nyayo.

“Unasikia?” aliuliza.

Mélanie, dada yake mkubwa aliyemwita Yaya, alikuwa hatua chache nyuma yake katika piroga, mtumbwi wa mti waliouazima Birava asubuhi, na humo alibeba chakula, maji ya kunywa na begi la vifaa. Aligeuza uso kuitazama milima ya Kabare. Milima haikuwepo. Mahali pake palisimama ukuta wa kijivu, na ukuta ulikuwa unatembea.

“Ni mvua hiyo. Akonkwa, ingia mu piroga.”

“Na ubao?”

“Tutaufunga nyuma. Ingia!”

“Yaya, hiyo mvua iko na upepo mbele yake! Ni ule upepo nangoya tangu asubuhi!”

Akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomrudia baadaye, usiku baada ya usiku, na kila kiliporudi kilimchoma upya.

Ubao ule waliununua pamoja. Mélanie alifanya kazi katika ofisi ya shirika moja huko Nyalukemba, na kila siku ziwa lilimtazama dirishani. Alikuwa na hamu moja tu: kusimama juu ya maji asubuhi na kupiga kasia taratibu, kabla ya simu na mikutano. Akonkwa alitaka kuruka. Alikuwa ameona kwenye simu yake vijana wa nchi za mbali wamepanda mbao zenye tanga, na chini ya ubao foili, bawa la kaboni lenye mguu mrefu. Upepo ukishika tanga, bawa huuinua ubao mzima, na mtu anakata hewa bila kugusa wimbi. Basi kuna mbao za kazi zote mbili. Ukifunga tanga na bawa unaruka. Ukivifungua unapiga kasia.

Tonton wao Constantin, mjomba anayeishi ng'ambo, Liège, aliwatafutia mbili zilizokwisha kutumika, wachague mmoja. Wa kwanza ulikuwa mrefu, mpana, mzito wa kupaa, lakini hata upepo ukifa ungembeba mtu yeyote. Wa pili ulikuwa mfupi, mwepesi, wa kugeuka kama mbayuwayu, ila lita zake zilikuwa chache, na ubao huelea kwa lita zake kama bidoni tupu. Tonton akatuma ujumbe wa sauti: “Muniambie kilo zenu, muuzaji atajua upi unawafaa.”

Kilo zenu. Akonkwa alisikia vizuri. Mélanie alikuwa kazini, na Mélanie alikuwa mwanamke mwenye mwili mnene, na Akonkwa alijua jibu la kweli lingeleta ubao gani. Akajibu peke yake, akitaja kilo zake tu, sitini na nane: “Soixante-huit, tonton.”

Ubao mfupi ukaja. Wavuvi wa ufukoni Nguba wakauzunguka. “Kijana, hii ni table ya kupasi?” Mélanie alijaribu kusimama juu yake Jumapili kadhaa. Kila mara ulizama, ukayumba, ukamtupa, naye alitoka majini nguo zikichuruzika, akisema atazoea. Akonkwa alimwambia kwamba ubao ni mzuri, miguu yake ndiyo haijui.

Safari ya kutoka Birava hadi Katana ilikuwa ya kuwafunga wavuvi midomo. Sasa ukuta wa kijivu ulikuwa umefika.

Upepo ulitangulia mvua kwa pumzi moja. Tanga likajaa kwa mshindo, ubao ukafyatuka, bawa likaimba ule mvumo wake mwembamba, na Akonkwa akapaa. Kwa muda mfupi alikuwa yule aliyejiota. Kisha akageuza kichwa. Piroga haikuonekana. Alikiona kichwa cha Mélanie tu, kinaibuka na kuzama katikati ya mawimbi meupe.

Akaliangusha tanga, akaogelea huku akiuburuta ubao. Piroga ilikuwa imejaa maji na kupinduka; ilizunguka ubavu juu, kisha wimbi likaipeleka. Begi lilikuwa limezama. Mélanie alikuwa ameacha kila kitu isipokuwa kasia. Alilikumbatia kifuani kama mtoto.

“Ubao,” alisema, akitema maji. “Toa tanga. Tulale juu, tupige kasia.”

“Hautatubeba bote.”

“Basi mumoja analala, mumoja anashika nyuma. Toa tanga, Akonkwa!”

Tanga lilikuwa la manjano na buluu, jipya kuliko ubao wenyewe. Alikuwa amelikunja na kulikunjua nyumbani kama mwanamke anavyokunja kikwembe cha harusi. Kulifungua kulihitaji kidole kimoja tu: pini moja chini ya mlingoti, na ziwa lingelichukua.

“Upepo iko na nguvu,” alisema. “Lala mbele. Itatupeleka nchi kavu sasa hivi.”

“Akonkwa.”

“Yaya, niachie miye!”

Mélanie akalala mbele kwa kifua, kasia chini yake. Akonkwa akalielekeza tanga, nalo likamnyanyua kutoka majini. Ubao ulikwenda umezama, mzito, kama gogo. Kisha dhoruba ikavuta pumzi yake kubwa kuliko zote. Bawa lilishika. Wakapanda, wawili, juu ya maji, na Akonkwa akapiga kelele ya ushindi, naye alikuwa bado anaipiga wakati bawa lilipotoka juu ya wimbi, likakosa maji, na ubao ukaanguka kwa pua.

Mélanie alirushwa mbele. Ubao ukampitia juu. Bawa ni jembamba ukingoni. Hata ufukweni watu huonywa wasilishike hovyo.

Alipoibuka hakulia. Alisema tu, kwa mshangao, “Muguu yangu.”

Mvua ikapita. Ilipita kama ilivyokuja, na mabati yake yakaenda kumwagika Idjwi. Nyuma yake ikaacha ukungu, baridi, na hewa isiyotikisa hata unywele. Tanga likalala juu ya maji kama nguo iliyosahaulika. Sasa Akonkwa alivuta pini. Hakungoja kuambiwa. Alifungua kwanza kamba ya mlingoti, akaisukuma rangi ile ya manjano na buluu mbali kwa mguu, wala hakuitazama ikienda.

Alimpandisha Mélanie juu ya ubao. Nyuma ya mguu wa kulia, juu kidogo ya kisigino, nyama ilikuwa imefunguka, na ndani yake kulikuwa na kitu cheupe. Alichana kikwembe alichojifunga Mélanie kiunoni, akaviringisha, akakaza kwa ile kamba ya mlingoti.

“Kaza tena,” alisema Mélanie.

“Inauma?”

“Ikiacha kuuma ndiyo uogope. Kaza.”

Bawa hawakuweza kulitoa. Ufunguo wa boliti zake ulikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa chini ya ziwa. Kwa hiyo ubao ulivuta mguu wake mrefu majini kama mfungwa anavyoburuta mnyororo. Akonkwa alishika nyuma na kupiga miguu. Mélanie, kwa tumbo, alipiga kasia upande huu, halafu upande ule.

“Katana iko wapi?” aliuliza Akonkwa. Pande zote zilikuwa ukungu.

Mélanie akasikiliza maji yakigonga pua ya ubao. “Mvua ilitoka Kabare. Mawimbi bado yanatoka kule. Acha yatupige mu uso.”

Wakaenda hivyo, mawimbi usoni. Waliposhikwa na kiu walikunywa maji ya ziwa kwa viganja. Vidole vya Akonkwa vikaanza kufa ganzi. Meno yakagongana. Ilifika wakati miguu yake ikakataa kupiga, ikaning'inia tu.

“Panda kidogo,” alisema Mélanie. “Upumzike.”

Akapanda. Ubao ukazama papo hapo, maji yakaufunika mguu uliofungwa, na pembeni yake ziwa likageuka jekundu. Akashuka haraka. Baadaye Mélanie alimwambia tena, akajaribu tena, na tena wekundu ule ukatoka kama moshi. Hapo ndipo alipouelewa ubao aliouchagua. Ulikuwa na nafasi ya mtu mmoja, kama alivyoomba.

“Usiniambie tena nipande,” alisema.

“Sawa.” Kasia likachota, likachota. “Lakini usilale, petit. Ukilala nitakupiga na hii pagaye, unanijua.”

“Nakujua.”

“Sema kitu basi. Kila siku hauna breki ya mudomo, leo umekuwa sista wa konventi?”

Alitaka kusema. Zile kilo alizomtajia tonton alikuwa nazo mdomoni tangu mguu ule ulipofunguka. Badala yake akapiga miguu. Mélanie naye alianza kupunguza. Kasia lilichota, likatulia. Likachota, likatulia zaidi. Shavu lake lililala juu ya ubao.

“Yaya!”

“Niko.”

“Yaya, piga!”

“Nimesema niko.” Lakini kasia halikusogea.

Akonkwa akapiga kelele. Hakuita jina la mtu, aliita tu, kwa sauti yote iliyobaki, tena na tena, mpaka koo likachanika. Na kutoka ndani ya ukungu, upande wa Idjwi, ikajibu mota.

Ilikuwa boti ndefu ya mbao, imejaa mananasi hadi kingo zikakaribia kulamba maji. Juu ya lundo aliketi mama mnene mwenye koti la mvua la kijani, na nyuma kijana dereva aliyezima mota.

“Bwana Yesu! Munapanda mulango?” alisema yule mama. Kisha akauona mguu, na mzaha ukamtoka usoni.

“Maman Bulonza,” alisema dereva kwa sauti ya chini, “tumejaa. Tukibabeba tunazama bote.”

Yule mama aliwatazama waliomo majini, akawapima kwa jicho, wote wawili, kisha akainama na kuanza kutupa. Nanasi moja, mawili, kwa mikono yote miwili. Soko zima lile lilianguka majini likaelea kuwazunguka, la kijani na la dhahabu.

“Saidia, weye!” alimfokea dereva. “Ama unangoya bafe ndiyo boti iwe nyepesi?”

Alitupa mpaka kingo zikainuka. “Sasa nafasi iko. Leta kwanza maman huyu wa muguu.”

Hata ubao waliufunga nyuma. Akonkwa alikuwa tayari kuuacha.

Hospitali ya Katana iliwapokea jua likielekea kuzama. Mélanie akawekwa kwenye kitanda cha magurudumu, macho yakifumbuka na kufumba, na muuguzi akamgeukia Akonkwa, sindano tupu mkononi.

“Dada yako iko na kilo ngapi? Ni juu ya dawa.”

Akonkwa akafungua mdomo. Aliyajua maua yote aliyoyapenda Mélanie, sala zake, nyimbo alizoimba jikoni, saizi ya viatu vyake. Zile lita za ubao alizijua kwa kichwa.

“Sijui,” alisema.

Wakamsimamisha kwenye mizani kwa mguu mmoja, muuguzi huku, Akonkwa kule. Mshale ukapanda, ukapita pale ambapo kilo zake yeye zingeishia, ukaendelea.

Asubuhi daktari alieleza. Mshipa wa kisigino ulikuwa umekatika karibu wote. Wameushona. Atatembea, kwa fimbo kwanza, baadaye labda bila fimbo. Kusimama juu ya kitu kinachoyumba, hilo hakuahidi.

Alipotoka, Akonkwa aliketi kwenye ukingo wa kitanda. “Yaya, juu ya ule ubao, tonton aliuliza kilo zetu, na miye…”

“Najua.”

“Unajua nini?”

“Tonton alinipigia siku ile ile.” Midomo yake ilikuwa mikavu, lakini alitabasamu upande mmoja. “Aliuliza kama nilikufa, juu ulitaja kilo za mutu mumoja.”

“Na haukusema kitu?”

“Nilifika nyumba, ukawa unacheza nje mu parcelle na telefone mukononi, kama mutoto wa Noeli. Nikasema, acha aruke kwanza. Siku yangu itafika.”

Nje, mtu alikuwa anafagia uani. Ziwa lilionekana dirishani, laini, halina alama hata moja. Mélanie alilitazama, kisha akautazama mguu wake uliofungwa, mweupe, umelala juu ya mto. Akonkwa angependa amtukane.

Akaushika mkono wake, ule wa kasia, wenye malengelenge yaliyopasuka.

“Yaya, sikia,” alisema, kwa sauti ambayo hata muuguzi mlangoni aligeuka. “Ule ubao sitaupanda tena. Nitatafuta ule murefu, ule ulitaka, na nitataja kilo zako kwanza. Na siku utasimama, hata kama muguu inakubali dakika moja tu, hata kama inakubali nikiwa muzee, nitakuwa mu maji, nimeushika na mikono mbili. Siachi. Siachi mupaka weye useme, acha.”