Swali la Dada Cornelia

Ka! Kifuniko cha sufuria kiligonga sakafu gizani, kabla jogoo hajawika. Gaudiosa akainuka haraka.

"Mama?"

"Ni mimi," alijibu Elia, mdogo wake wa miaka sita. "Natafuta kiporo."

Gaudiosa akajilaza tena, akavuta blanketi hadi masikioni. Mwezi wa sita, baridi ya Pito, mtaa wao wa huku mlimani, haina huruma. Baba na mama walikuwa wameteremka bondeni, huko Kaoze, kuvuna mpunga. Ilikuwa wiki ya tatu sasa. Mama alimwachia unga wa ulezi, funguo na neno moja: "Mtu akiuliza, usiseme mko peke yenu."

Siku hiyo baada ya shule, mtu alikuja kweli. Alikuwa Dada Cornelia, mwanafunzi wa chuo kikuu, ameshika kishikwambi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Chuo chetu kinataka kuwajua majirani zake kabla ya kuwasaidia. Mama yupo?"

"Ameenda sokoni."

"Na baba?"

"Yuko shambani. Jioni atarudi."

"Haya. Watu wazima wawili," alisema Cornelia huku akiandika.

Alipoondoka, Elia aliangua kicheko. "Dada mwongo! Mama wa sokoni gani huyo? Mwite basi aje apike!"

Gaudiosa hakucheka. Alisonga ugali, akapakua sahani mbili. Nyumba ilikuwa kimya mno, hata mwiko ulisikika ukikwaruza sufuria.

Jumamosi wakazi waliitwa ofisi ya mtaa. Gaudiosa na Elia walikaa karibu na jirani yao, Bibi Rosina. Dada Cornelia akasimama.

"Tulipanga uji na masomo ya jioni kwa watoto ambao wazazi wao wako bondeni," alisema. "Lakini hapa kila nyumba imetuambia wazazi wapo. Tungepata hata nyumba moja tu, tungeanza. Basi, tutakwenda mtaa mwingine."

Gaudiosa alimtazama Teodori, mwanafunzi mwenzake, ambaye naye hupika mwenyewe siku hizi. Teodori alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Bibi Rosina alimgusa Gaudiosa begani.

"Mjukuu wangu, mama alikukataza kumwambia kila mpita njia, na alifanya vema. Lakini hapa mwenyekiti wa mtaa yupo, na mimi nipo. Anayekuja kusaidia ukimficha shida yako, atapita mlangoni kwako akidhani umeshiba. Sema."

Elia alimshika sketi. Gaudiosa akasimama mbele ya watu wote.

"Nyumbani kwetu tupo wawili tu, mimi na Elia."