Marashi Kwenye Kisemea

Mchwa waliingia kwenye ubao wa kompyuta kwa mstari, kama wageni wanaoingia kwenye shughuli waliyoalikwa. Kila mmoja alikuwa mdogo kuliko punje ya mtama, wa chuma kitupu, na miguu yake ilikuwa sindano za kupimia umeme. Mhandisi Sikitu aliwaunda mwenyewe katika karakana yake ya Ngamiani, jijini Tanga, enzi ambayo watu walishasahau kwamba kitu kikiharibika kinaweza kutengenezwa. Magari yalijiendesha, nyumba zilijifagia, na kifaa kilichokufa kilizolewa na roboti ya taka kabla hakijapoa. Mchwa-chuma hawakuifuata desturi hiyo. Walizunguka ubao mzima wakikanyaga kila njia ya shaba, na kila walichokipima kilionekana kwenye kioo cha ukutani: kijani palipokuwa na umeme wa kutosha, njano palipopungua, nyeusi palipokufa.

Leo kioo kilikuwa cheusi karibu chote.

"Giza tupu," alisema Mzee Mbaruku. "Ndiyo basi tena?"

"Bado, baba. Tulia kwanza."

Kutulia ni rahisi kumwambia mwenzio. Kando ya mzee, kwenye kiti cha magurudumu, alikaa mkewe, Bi Kibibi, macho wazi, mikono imelazwa mapajani kama alivyowekewa. Maradhi ya neva yalimnyang'anya mwili kidogo kidogo, yakaanza na vidole na kuishia na kope. Alisikia kila kitu. Alifikiri vizuri kabisa, pengine kuliko wote waliokuwemo humo ndani. Ila hakuwa na pa kuyatolea mawazo yake, kwa sababu ule ubao uliokuwa ukitembelewa na mchwa ndio uliokuwa kinywa chake.

Watu walikiita kisemea. Kwa kukitazama kilikuwa kompyuta mpakato ya kawaida, yenye utepe mwembamba wa kuvaa kipajini. Zamani, alipokuwa bado na sauti, Bi Kibibi alikaa nacho miezi mingi akikisomea maneno, nacho kikilinganisha kila neno na mtikisiko wake ubongoni, mpaka kikamjua. Sauti ilipokwisha, kisemea kikaanza kumsemea, kwa sauti yake ile ile na ulimi wake ule ule mkali. Kwa kisemea hicho alimgombeza muuza samaki, alimtania mumewe kwa kukoroma, na aliwaambia wajukuu habari ambazo mama zao wasingependa wazijue.

Nakala ya kumbukumbu zake haikuwepo. Sheria ya Siri ya Fikra ilikataza mawazo ya mtu kunakiliwa popote nje ya kifaa chake. Siku ilipopitishwa watu walishangilia mitaani, na Mzee Mbaruku alikuwa mmojawapo. Nani angependa kampuni isome ubongo wa mke wake?

"Hebu nieleze tena kilivyozimika," alisema Sikitu.

"Ijumaa tulisoma maulidi nyumbani. Shemeji yangu, Maua, akapita na mrashi anawanyunyizia watu marashi, kama ada. Alipofika kwa dada yake akaona vibaya kumruka. Atamrukaje? Akamnyunyizia kichwani, akamnyunyizia mabegani, na kisemea kipo mapajani."

"Kilikuwa kimewashwa?"

"Kilikuwa kinasema! Alikuwa ananiita mimi. 'Mbaruku, leo nataka...' Basi. Kikakatikia hapo hapo."

"Alikuwa anataka nini?"

"Ndiyo nimekuja kwako, mwanangu, nijue."

Sikitu alimtazama Bi Kibibi. Ni vigumu kuzungumza mbele ya mtu anayesikia asiyeweza kukukatiza. Kila neno unalihisi kama unamsengenya. Akainama juu ya ubao, akanusa. Waridi ilikuwepo, nyepesi na tamu. Chini ya waridi kulikuwa na harufu nyingine, nzito zaidi.

"Baba, mlikikausha na nini?"

Mzee alivua kofia, akaanza kuikunja. "Kwani vipi?"

"Nasikia udi."

Mzee akajibu, lakini hakumjibu Sikitu. Aligeuka kumtazama mkewe.

"Kibibi, tangu unioe..." Akajikosoa, akacheka kicheko kibovu. "Tangu nikuoe, kila Ijumaa unanifukizia kanzu. Unaweka chetezo cha makaa, unaweka tenga juu, unatandika kanzu. Hata iwe mbichi, inakauka, na inanukia. Mimi nikaona na kisemea nikikaushe hivyo hivyo. Nikachukua udi uliouweka tangu harusi ya mwanetu. Nilitaka kirudi kwako kikinukia."

"Halafu ukakiwasha," alisema Sikitu taratibu.

"Kilipokauka nikakiwasha. Kikatoa cheche."

Sikitu alitia umeme kidogo sana kwenye njia kuu, ule wa kubembeleza, akawaachia mchwa watafute joto. Hiyo ndiyo kazi waliyoiweza kuliko zote. Umeme ukipata pa kuvujia hupasha moto pale unapovujia, na mchwa hukusanyika hapo kama walivyokusanyika sasa, wakizunguka kapasita moja ndogo ya kutunzia umeme, iliyogeuka kahawia. Mkono wa roboti ukaishusha ncha yake ya moto, ukaing'oa kapasita hiyo na kubandika mpya. Mchwa wengine wakaanza kuosha masizi kwa spiriti, njia baada ya njia.

Njano ilijitokeza pembeni mwa kioo. Ikageuka kijani. Kijani kikasambaa kutoka kwenye betri hadi katikati ya ubao, kikapanda, kikashuka upande wa pili.

"Kimerudi!" Mzee Mbaruku aliurukia mkono wa mkewe, akaubusu kiganja na nyuma yake. "Unaona, Kibibi? Nilikwambia huyu binti hashindwi!"

Sikitu alikuwa amekwisha kuona. Katikati ya kijani chote kile, pembe moja ilibaki nyeusi, na mchwa walikuwa wakiipita bila hata kusimama, kwa maana hapakuwa na cha kupima. Alitamani mzee aendelee kufurahi angalau kidogo.

"Na pale peusi?" mzee aliuliza.

"Ni chipu ya kumbukumbu."

"Basi itengeneze."

"Imeungua ndani, baba. Nikiweka mpya kisemea kitafanya kazi, lakini kitakuwa kitupu. Hakitamjua mama."

Mzee aliinamisha kichwa. Alipouliza tena, aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba ahurumiwe. "Ni yale marashi, siyo?"

Uongo ulikuwa mdomoni mwa Sikitu, tayari kabisa. Angesema ndiyo, na lawama yote ingemwendea Maua. Lakini Bi Kibibi alikuwa anasikia, na Maua alikuwa ndugu yake wa tumbo moja.

"Marashi tungeyaosha," alisema. "Moshi wa makaa una masizi, na masizi hupitisha umeme. Yalishika penye unyevu, yakaunganisha njia zisizotakiwa kukutana. Ulipowasha, umeme wote wa betri ukaingia kwenye kumbukumbu."

Mzee Mbaruku alimgeukia mkewe. Alimtazama usoni kwa muda mrefu, akisubiri atukanwe. Alikuwa radhi kabisa kutukanwa. Uso ule haukubadilika hata kidogo.

Sikitu aliweka chipu mpya kwa sababu hakujua la kufanya zaidi. Akamvisha Bi Kibibi utepe kipajini, akawasha. Taa zote ziliwaka sawasawa, na kisemea kikazungumza kwa sauti ya mwanamke asiyejulikana na yeyote.

"Karibu. Ili nikujue, tafadhali soma neno hili kwa sauti: maji."

Mashine ikarudia ombi lake, kwa adabu ile ile.

"Hakijali sauti ni ya nani," alisema Sikitu, na hapo hapo akajuta kusema. "Kinachotaka ni sauti na fikra vifike pamoja."

"Maji," alisema Mzee Mbaruku.

"Havilingani. Tafadhali rudia."

"Maji. Kibibi, fikiria maji. Maji!"

"Havilingani. Tafadhali rudia."

Akarudia mpaka sauti ikamkauka. Alibembeleza, alikaripia, akaomba radhi kwa kukaripia. Sikitu alinyoosha mkono ili azime.

"Usizime," mzee alisema. "Labda hilo silo neno analolifikiria."

Alifuta uso kwa kofia yake. Akasogea karibu na kiti, na safari hii hakutazama neno lililoandikwa kwenye kioo cha kisemea.

"Mbaruku," alisema, akijiita mwenyewe, "leo nataka..."

Taa ya kijani iliwaka juu ya utepe.

"Vinalingana," kilisema kisemea.

Sikitu alishika ukingo wa meza. Kumbe alikuwa bado anaisema. Tangu Ijumaa, mbele ya wageni waliokuwa wakiaga, mbele ya chetezo na moshi, na asubuhi nzima hii humu karakanani, Bi Kibibi alikuwa bado anaisema ile sentensi yake moja.

"Sentensi haijakamilika, haiwezi kuhifadhiwa. Tafadhali imalizie."

Mzee Mbaruku akaanza kubahatisha.

"Leo nataka chai," alisema.

"Havilingani."

"Nataka kutoka nje. Nataka wajukuu waje. Nataka... nataka kulala, Kibibi? Umechoka?"

"Havilingani. Tafadhali imalizie."

Mzee alipiga magoti mbele ya kiti. Aliushika mkono wa mkewe usioweza kumshika, akaanza tena tangu mwanzo.

"Mbaruku, leo nataka..."

"Vinalingana. Tafadhali imalizie."