Kitenge Kisichofuliwa

Kabla pasi haijapata moto, wacha niwaambie neno moja la kweli: tangu Arua iwe Arua, hakuna nguo iliyowahi kumshinda dobi Sule. Damu, grisi, mafuta ya simsim, hata wino, vyote vilimpigia saluti. Shati la mtu lilirudi jeupe kuliko nia ya mwenyewe.

Siku ile ya soko watu walikuwa wamebanana katikati ya mitumba na samaki wakavu. Msichana mmoja akajipenyeza hadi kwenye beseni la Sule. Blauzi ya njano, ndala za bluu, nywele zimesukwa mpaka kisogoni. Akatoa kwenye kavera la plastiki gauni jeupe la unesi, limejaa alama za viganja vidogo vya rangi ya zambarau, kifuani mpaka mgongoni.

"Sista, umepigana na nani?"

"Na watoto wa wodi. Leo tulichora."

"Kumbe kuchora nako ni dawa?"

"Mtoto asiyecheza anachelewa kupona. Fua, acha maswali."

"Nitafua. Ila jina lako ni sehemu ya bei."

"Pasca. Na nikikosa kifungo kimoja, utakitafuta kwa meno."

Gauni lilirudi linang'aa. Simu zikaanza.

"Umekula, asali yangu?"

"Asali gani? Jana uliniita sukari."

"Sukari imepanda bei."

Pasca akacheka mpaka wagonjwa wakaamka, na Sule akajua amekwisha.

Wodini kwa Pasca alikuwepo Jamilah, mtoto wa kijiji cha Lurujo huko Koboko, aliyemwagikiwa uji wa moto mguuni. Mama yake alikuwa amejifungua kwa upasuaji, hawezi kusafiri, kwa hiyo bibi ndiye aliyemuuguza. Lakini bibi si mama. Kila bendeji ilipofunguliwa, Jamilah alifunika uso kwa kitenge kikuukuu cha kijani, akavuta pumzi ndefu, akatulia.

Sule hakuyajua hayo. Alipeleka magauni ya manesi, akamkuta mtoto amelala, bibi ameenda kuteka maji. Akakiona kitenge: maziwa yaliyoganda, masizi, jasho. Moyo wa dobi ukauma. Akakichukua polepole, amfanyie mpenzi wake jambo la kushangaza.

Alikifua, akakisuuza, akakirudia. Akakipiga pasi, akakipulizia marashi. Asubuhi akakirudisha kimekunjwa kama bahasha.

Jamilah akanusa. Akageuza, akanusa upande wa pili. Akakitupa sakafuni.

"Hii si ya mama!"

Uji akaukataa. Bendeji ilipoguswa, alipiga mateke mpaka kidonda kikatoa damu. Bibi akakaa chini, mikono kichwani. "Sista, mutoto iko nakataa kila kitu."

Pasca alimvuta Sule hadi barazani.

"Nani alikutuma?"

"Kilikuwa kichafu, mpenzi. Nilitaka ufurahi."

"Mimi ndiye niliyemwambia bibi asikifue! Pale kulikuwa na moshi wa jiko lao, maziwa ya mdogo wake, jasho la mama yake. Umemfua mama yake, Sule. Umemsuuza, ukammwaga mtaroni."

"Pasca, basi nita..."

"Usinipigie simu."

Alipiga. Simu ililia mpaka ikachoka yenyewe.

Alfajiri Sule aliazima pikipiki ya jirani yake Abdunoor, akashika njia ya Koboko, kitenge kifuani. Kule Lurujo alimkuta mama Jamilah mkekani, mtoto mchanga kifuani.

"Wewe nani?"

"Dobi wa Arua. Nimeharibu kitenge chako."

Mama akakikunjua, akakitazama huku na huku. "Mbona iko safi?"

"Ndivyo nilivyokiharibu, mama."

Mama akacheka huku ameshika mshono. Aliposikia habari za Jamilah, kicheko kikageuka kilio. Akajifunga kitenge palepale. Akakaa nacho karibu na moto, akanyonyeshea ndani yake, akalala nacho. Sule akabaki hapo, akifua nepi za mtoto ili mikono isikae bure. Kichanga kilipotapika maziwa juu ya kitenge, mkono wa Sule ulikimbilia sabuni wenyewe. Ikabidi aukalie.

Akarudi Arua na kavera lililofungwa mafundo mawili, lisivuje hata harufu.

Jamilah akazamisha uso. Akavuta pumzi ndefu.

"Moshi," akasema. Kisha, "Mtoto ametapika." Kisha taratibu kabisa, "Mama."

Akanyoosha mguu mwenyewe. "Sista, funga. Pole pole."

Pasca alifunga bendeji, akanawa mikono, akamtazama Sule. Vumbi jekundu kwenye kope, shati linanuka maziwa machachu.

"Dobi gani ananuka hivi?"

"Dobi aliyeshindwa."

"Sema tena, sikusikia."

"Nimeshindwa, Pasca. Na nguo, na wewe. Nataka mashati yangu yashike harufu yako mpaka uzeeni, na nisiyafue."

Pasca akauma mdomo kuzuia tabasamu, likamtoroka. "Uchafu huo kamwambie baba yangu, kule Dadamu. Na uende na wazee wako, usiende na sabuni."

Basi, ndugu zangu, Sule ni mwanamume. Hakutoa hata chozi. Macho yalimwasha tu kwa lile vumbi la Koboko...

"Alilia!"

Ni kisichana kwenye benchi la wateja, kimemsindikiza mama yake aliyeleta sare za shule. Kovu mguuni, mikono kiunoni.

"Alilia mpaka kamasi! Akataka kujipangusa na kitenge changu, Sista Pasca akampiga mkono. Na mbona unasema Sule, Sule, kama mtu mwingine? Sule si wewe?"

Benchi zima limenigeukia.

Haya, pasi imepata moto. Nani wa kwanza?