Kibuyu cha Mwenyekiti

Mwaka 1978, katika kijiji kimoja karibu na Ushirombo, watu walikusanyika kila asubuhi mbele ya nyumba ya Mwenyekiti Ansgar. Kibuyu cha maji ya lambo, bwawa la kijiji, kilitolewa. Kila mtu alipiga funda moja, akampa mwenzake.

"Eti kuna kipindupindu!" Mwenyekiti alikuwa ametangaza. "Uzushi mtupu. Anayenipenda na anywe."

Basi walikunywa. Ansgar ndiye aliyewatafutia chakula mwaka wa njaa. Nani angemkatalia?

Serafina aliacha kwenda. Nyumba ya jirani ilikuwa haitoi moshi tangu juzi. Mbuzi walilia zizini, hakuna wa kuwafungulia. Aliogopa hata kuchungulia.

Lakini mumewe Thobias, balozi wa nyumba kumi, hakukosa. Alimchukua hata binti yao Nyamizi, naye akanywa. Siku ya nne mtoto akaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele. Macho yakazama. Serafina akakimbia kumwita Bwana Afya Salehe.

"Mtoto anakauka, Mama Nyamizi," alisema Salehe. "Chemsha maji yatokote, yapoe. Kwa lita moja, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Mnyweshe kidogo kidogo, hata akitapika. Nami nitampeleka zahanati."

"Ugonjwa ameupata wapi?" aliuliza Serafina.

"Lamboni. Mvua inasomba vinyesi vya wagonjwa mpaka humo, nanyi mnakunywa."

"Mbona Mwenyekiti anakunywa na haumwi?" aliuliza Thobias kwa ukali.

"Baba Nyamizi, umemwona lini?"

Thobias akakumbuka. Kwa siku tatu mlango ulifunguliwa kidogo tu, mkono ukatoa kibuyu, mlango ukafungwa. Nao waliupigia makofi mlango.

Wakaenda wote wawili kwa Mwenyekiti. Chumbani mlinuka. Ansgar alilala mkekani, ngozi imesinyaa, sauti imekauka. Mkewe Euphrasia alikuwa amekishika kibuyu.

"Aliniambia nikitoe tu, watu watulie," alisema.

Nje, watu walikuwa wanapiga makofi.

Salehe aliwatibu wote wawili, Nyamizi na Ansgar. Baada ya wiki mbili Ansgar akatoka na kibuyu chake.

"Nilikuwa nimepumzika!" alisema. Watu wakashangilia.

Kibuyu kikamfikia Thobias.

"Mzee, nakuheshimu sana. Lakini nusura nimzike mwanangu. Haya siyanywi mpaka yachemke."

Akayamwaga. Hakuna aliyepiga makofi.

Nyumba zake kumi zilichimba vyoo. Zilichemsha maji na kunawa mikono kwa sabuni au majivu. Hakuna tena aliyeugua humo.

Jioni moja Euphrasia alikuja na mtungi chini ya kanga.

"Mama Nyamizi, nigawie maji yaliyochemshwa."

"Ya nani?"

Euphrasia akatazama nyuma. "Ya mzee. Hataki mengine. Usimwambie mtu."

Serafina akamjazia mtungi mpaka juu.

"Maji chukua," alisema. "Lakini nitamwambia kila mtu."