Homa ya Alasiri

Kila asubuhi Saado, msichana wa miaka kumi na miwili, alimpelekea baba yake chai katika wodi ya wanaume mjini Garissa. Mzee Nunow alikuwa amepasuliwa ngiri juma lililopita. Mama na mbuzi walikuwa nyumbani, Habaswein, mbali kaskazini. Huo ulikuwa mwaka wa 1966, na kwa sababu ya vita vya shifta, waasi wa kaskazini mashariki mwa Kenya, magari yalisafiri kwa msafara tu, yakilindwa na askari.

Siku moja msafara wa kuelekea Habaswein ulikuwa unaondoka, na mzee alitaka kuruhusiwa asafiri nao. Muuguzi Wilkister alimtia mzee kipimajoto kinywani, akakisoma na kutabasamu.

"Mwili umepoa. Na jana, mzee, hukuwa na homa?"

"Hakuna homa, sista. Mimi mzima kama ngamia!"

Saado aliinamisha kichwa. Jana baba alikuwa amemwonya: "Ukimwambia sista, tutakosa gari. Mama yako atachunga mbuzi peke yake hadi lini? Hili ni jua la Garissa tu."

Nje malori yalianza kunguruma. Saado alimwomba Mungu kimoyomoyo ampe ujasiri.

"Sista," alisema kwa sauti ndogo, "alasiri baba hutetemeka. Juzi, na jana pia. Huniomba blanketi."

Kioko, mgonjwa wa kitanda cha pili, aliangua kicheko. "Blanketi? Garissa, alasiri? Hapa hata mijusi wanatafuta kivuli!"

Wilkister hakucheka. Alimwambia mzee abaki.

"Umeniaibisha," baba alimwambia Saado, akageukia ukuta. Msafara ukaenda. Chai yake ilipoa bila kuguswa.

Alasiri, wagonjwa wengine walipokuwa wakijipepea kwa vipande vya maboksi, Mzee Nunow alijikunyata huku meno yakigongana. Kipimajoto kilipanda. Daktari alifungua kidonda, akakuta usaha ndani. Mzee alisafishwa, akadungwa sindano za penisilini, na baada ya siku kadhaa alasiri ikapita bila kutetemeka. Saado alimshukuru Mungu.

"Mwili una saa zake," Wilkister aliwaeleza. "Alfajiri hupoa, jioni hupata joto, hata kwa mtu mwenye afya. Kwa hiyo homa ya kidonda inaweza kujificha asubuhi. Tena usaha haujitokezi siku ya kupasuliwa. Huja baadaye, wakati mgonjwa anadhani amepona. Ungekupata njiani, mzee, ambako hakuna daktari. Mimi nilikupima asubuhi, lakini aliyekuona alasiri ni Saado. Mtoto anayesema kweli kwa heshima hamwaibishi mzazi wake. Mungu ndiye mponyaji, nasi tusiwafiche ugonjwa wale aliowapa kazi ya kututibu."

 Mzee Nunow alimtazama binti yake.

"Aabo," alimwita, neno ambalo baba wa Kisomali na mtoto wake huitana kwa mapenzi. "Kesho sista akiuliza hali yangu, jibu wewe."