Karte Moja kwa Watu Sita

Ungemfunga mama Dorine kitambaa machoni na kumzungusha mara tatu, bado angekupeleka kwenye nyumba yenye choo safi. Alikuwa komisionere miaka kumi na miwili. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu nyumba za kupanga, mjini Goma, kutoka Majengo mpaka Mabanga. Alijua robine gani inatoa maji kila siku, na ipi inakohoa tu. Alijua paa gani linavuja. Alijua mwenye nyumba gani hapendi watoto, hata kama mdomoni anasema anawapenda.

Kila asubuhi alikunywa chai akiwa amesimama.

"Kaa basi," mume wake, papa Aubin, alimwambia. "Chai haina miguu."

"Chai haina, lakini mutu anayetafuta nyumba anayo," alijibu Dorine, na tayari alikuwa mlangoni.

Mwaka huo biro ya makazi ya komine ilitoa tangazo. Lilisomwa kwenye radio. Lilibandikwa ukutani. Lilisema hivi: kila komisionere lazima awe na karte ya ruhusa. Asiye na karte asionyeshe nyumba, wala asipokee komisio.

Dorine na wenzake watano walikuwa na kituo kimoja, karibu na ronpwe, pale barabara zinapozunguka. Walikaa juu ya mawe meusi ya volkano na kungoja wateja. Kati yao sita, mmoja tu alikwenda kuomba karte. Huyo alikuwa muzee Baharanyi, mtu wa upande wa Bukavu, mwenye ndevu nyeupe hadi kifuani. Alipewa. Wengine waliogopa.

"Wanaomba diplome," alisema mama Léonie. "Mimi diplome yangu ni watoto saba."

Kisha Léonie akapata wazo.

"Likelemba tunacheza, siyo? Kila mutu anatoa feza, anangoja zamu yake, anakula. Basi, karte nayo ipite mkono kwa mkono."

Wote wakapiga makofi. Siku ya kwanza karte ilikuwa ya muzee mwenyewe. Siku ya pili ya Léonie. Siku ya ine ya Dorine. Hivyo hivyo mpaka siku ya posho, ile ya sita. Siku ya Mungu karte ilipumzika.

Muzee Baharanyi alikubali kwa moyo mweupe. "Sisi ni ndugu," alisema. "Ndugu hanyimwi."

Usiwacheke. Walidhani wametii sheria.

Siku ya ine, Dorine alimpeleka mama mmoja kuona nyumba Majengo. Jina lake Bénita. Alikuwa muuguzi, amehamia Goma kwa kazi, na watoto wawili. Walilala kwa shangazi yake, watu tisa katika vyumba viwili. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na Bénita alihitaji nyumba upesi.

Nyumba ilikuwa nzuri. Kuta za matofali, vyumba viwili na saluni ya kupokea wageni, tanki la maji ya mvua nyuma. Mwenyewe alikuwa mama Nyirakamana, mjane kutoka milima ya Masisi. Aliuza ng'ombe kumi na mmoja ili aijenge. Siku hiyo alikaa mlangoni, akichambua maharagwe.

Watoto wa Bénita walikuwa tayari wanagombania chumba. Bénita akatabasamu.

"Nyumba imenipendeza, mama. Lakini nilisikia kwenye radio. Uko na karte?"

"Niko nayo!" Dorine akaitoa kwa kiburi, kama mtu anayetoa kuku sokoni.

Bénita akatazama karte. Akamtazama Dorine. Akatazama karte tena.

"Mama, hizi ndevu ulinyoa lini?"

Masikio ya Dorine yakawaka moto. Alijua picha ni ya muzee. Lakini hakuna mteja aliyewahi kuitazama vizuri.

"Ni... ni bwana yangu," akasema. "Tunafanya kazi pamoja."

Bénita akacheka mpaka akashika ukuta.

"Siku ya pili mama mumoja alinionyesha nyumba kule Mabanga. Munene, na kilemba cha manjano. Alinionyesha karte hii hii. Naye akasema ni bwana yake!"

"Ee!" Nyirakamana akaacha maharagwe. "Muzee huyu hachoki?"

Kisha kicheko cha Bénita kikaisha.

"Sikia, mama. Wewe umenidanganya juu ya sura iliyo mbele ya macho yangu. Nitajuaje kama hunidanganyi juu ya nyumba? Pengine umeahidi watu watatu fasi hii. Mimi niko na watoto."

Akawashika wanawe mikono, wakaondoka.

Nyirakamana hakupaza sauti. Hilo ndilo lilimuumiza Dorine zaidi.

"Miaka sita wewe ndiye unanitafutia watu," alisema. "Leo nimechekwa katika parseli yangu. Mwezi ukiisha, uje na karte yenye sura yako. Usipokuja nayo, nitapata komisionere mwingine. Na nitamwambia kila mwenye nyumba kwa nini."

Zilibaki wiki tatu.

Jioni, papa Aubin aliporudi kutoka Birere na sanduku lake la kushona viatu, alimkuta mke wake anakunywa chai. Amekaa.

Akashtuka. "Nani amekufa?"

"Jina langu," alijibu Dorine.

Alipokuwa anamweleza, akaingia jirani yao, Micheline. Alikuja kuazima kinu. Micheline alikuwa karani katika biro ya makazi. Alisikiliza mpaka mwisho, na mdomo ukabaki wazi.

"Mama Dorine! Mimi niko nyuma ya ukuta wako miaka minne, na hukuniuliza?"

"Niliona haya."

"Haya haijengi nyumba. Ita muzee Baharanyi. Na huyo bibi yake wa kilemba cha manjano."

Walikuja wote wawili. Léonie aliingia akibisha.

"Kosa liko wapi? Karte ni ya kweli. Haiko feki."

"Karte ni ya kweli, mwenye kuishika ni wa uongo," alisema Micheline. "Karte ni kama ubatizo. Mutu mumoja habatizwi kwa ajili ya sita. Serikali inatoa karte ili ijue nani atajibu mambo yakiharibika. Muzee, Léonie akionyesha nyumba bila mwenyewe kujua, nani ataitwa?"

"Léonie," alisema muzee.

"Hapana. Jina gani liko kwenye karte?"

Muzee akakohoa. "Langu."

"Na mwingine akipokea garanti, feza ya kutangulia, ya watu wawili kwa nyumba moja?"

"Mimi tena?"

"Wewe tena. Na hata kama hakuna aliyeiba, anayekopesha karte ananyang'anywa. Kwa hiyo mungekosa wote."

Muzee Baharanyi akasimama. Akanyoosha mkono.

"Mama Dorine, ndugu yangu mpendwa. Nirudishie ndevu zangu."

Hata Léonie alicheka. Muzee akatia karte katika mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaupapasa mfuko mara mbili.

Lakini Dorine hakucheka. Alitazama chini.

"Mimi niliishia darasa la ine," alisema polepole. "Ninasoma kwa kidole. Diplome nitaitoa wapi?"

"Nani alikuambia tunaomba diplome?"

"Léonie."

"Miye niliambiwa na Prodige," alisema Léonie. Prodige alikuwa mmoja wa wale sita.

"Na Prodige aliambiwa na nani?"

Hakuna aliyejua.

"Munaona?" Micheline akapiga paja lake. "Mumekimbia nyoka ambaye hakuna aliyemuona. Sasa mufungue masikio. Biro yetu inaomba kitambulisho. Inaomba barua ya shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wako, kwamba anakujua na unakaa pale. Picha mbili. Siku tatu za mafunzo. Mwisho unajibu maswali kwa mdomo, kwa Kiswahili. Karte inaishi mwaka mmoja, halafu unaifanya upya."

"Ni hayo tu?" aliuliza Dorine.

"Ni hayo kwa sasa. Masharti yanabadilika. Mwaka kesho yanaweza kuwa mengine. Kwa hiyo musiulize barabara. Mukuje biro. Ubao wa matangazo uko mlangoni, na kuuliza hakulipwi."

Kesho yake Dorine hakwenda ronpwe. Alikwenda kwa shefu wa kartie.

Mafunzo yalifanyika katika saluni ya mikutano ya parokia. Watu walikuwa arobaini. Mwalimu, papa Valentin, alikuwa na miwani na sauti ndogo. Siku ya kwanza Dorine alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, ili akishindwa atoke bila kuonekana.

Papa Valentin akauliza: "Mwenye nyumba yuko safari. Ndugu yake anakupa ufunguo, anasema utafute mpangaji. Utafanya nini?"

Kijana mmoja mwenye koti zuri alisimama. "Nitafungua, nitaonyesha. Yeye si ndugu yake?"

Dorine alishindwa kujizuia. "Hata mwizi ana ufunguo!" alisema kwa nguvu.

Watu wakageuka. Papa Valentin akatoa miwani.

"Endelea, mama."

"Ufunguo hausemi nyumba ni ya nani," alisema Dorine. "Nitaomba karatasi yenye sahihi ya mwenyewe, inayosema amempa ndugu yake kazi hiyo. Nitampigia mwenyewe telefone. Nitauliza majirani. Majirani wanajua nyumba ya nani kuliko ukuta wenyewe. Nisipopata karatasi, simuonyeshi mutu."

"Mama, njoo ukae mbele," alisema papa Valentin.

Siku tatu zile Dorine alijifunza pia asiyoyajua. Zamani mwenye nyumba alimpa kazi kwa mdomo tu. Sasa alijifunza kwamba mkataba wa maneno ni moshi. Lazima mwenye nyumba aandike na atie sahihi. Zamani alipokea komisio na kuitia kwenye kitenge. Sasa alijifunza kutoa resu, karatasi inayoonyesha amepokea nini na kwa nyumba gani, na namba ya karte yake juu. Alijifunza pia kusema ubaya wa nyumba kabla mpangaji hajaukuta mwenyewe.

Hilo la mwisho lilimkera. "Papa Valentin, nikisema paa linavuja, nani atapanga?"

"Yule asiyeogopa kuvujiwa," alijibu mwalimu. "Na mwezi wa mvua hatakuja kwako na fimbo."

Nyumbani, watoto wake walimsaidia kusoma karatasi za mafunzo kila jioni. Dorine alipitisha kidole chini ya kila neno. Siku ya kwanza ukurasa mmoja ulimaliza jioni nzima. Siku ya tatu alisoma kurasa mbili, na kidole kikawa kinabaki nyuma ya macho.

Siku ya maswali, aliulizwa manane. Alijibu manane.

Mpiga picha alimwambia asicheke. Dorine alijaribu, akashindwa. Kwa hiyo karte yake ilitoka na meno yote na mwanya katikati. Léonie aliishika, akaitazama, akairudisha.

"Hii huwezi kukopesha mutu," alisema. "Goma yote, mwanya kama huu hakuna mwingine. Bon. Na mimi kesho ninakwenda kwa shefu."

Zilikuwa zimebaki siku tano mwezi uishe. Dorine alikwenda moja kwa moja kwa mama Nyirakamana. Aliweka karte juu ya ungo wa maharagwe.

Nyirakamana aliisogeza karibu na macho. Akaisogeza mbali.

"Huyu mama ninamjua," akasema. "Alipotea siku kidogo. Amerudi."

Waliandika karatasi ya makubaliano. Dorine aliisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, mwenyewe. Nyirakamana akaweka sahihi.

Kisha Dorine alikwenda hospitali ambako Bénita alifanya kazi. Alimngoja nje mpaka alipotoka.

"Mama Bénita, nilikudanganya. Nisamehe. Karte yangu ni hii. Usiniamini mimi. Piga namba ya biro iliyo nyuma, uwaulize."

Bénita akapiga hapo hapo. Karani mmoja akajibu kwamba ndiyo, namba hiyo ni ya mama Dorine, na ni ya mwaka huu. Bénita akafunga telefone.

"Nyumba ingali wazi?"

"Ingali. Lakini nikuambie ubaya wake kwanza. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanaingia chini ya mlango wa nyuma. Mama Nyirakamana amekubali kuinua kizingiti. Tumeiandika katika kontra yako ya kupanga. Kizingiti kikiinuliwa, ndipo uweke sahihi."

Bénita akarudisha telefone mfukoni. "Wa kwanza kuniambia ubaya," alisema. "Wengine wote walinionyesha paradiso."

Siku ya posho, chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zilipanda Majengo zimebeba vitanda, masufuria na kabati lenye kioo. Fundi alikuwa amemaliza kizingiti. Watoto wa Bénita walisukuma chukudu kwa nyuma, wakiimba. Nyirakamana alipika maharagwe ya watu ishirini. Papa Aubin alishona mkoba wa ngozi wa karte ya mke wake. Wakati wa kula, Bénita alisimama akasema kwamba wauguzi wenzake wawili pia wanatafuta nyumba, na kwamba amewapa jina moja tu.

Mwezi uliofuata, Léonie alipata karte yake. Kisha Prodige. Kisha wale wengine wawili. Ronpwe ikawa na wakomisionere sita wenye sura sita. Wenye nyumba waliokuwa wanawakwepa wakaanza kuwaita wenyewe.

Asubuhi moja wauguzi wale wawili walimkuta Dorine pale. Walikuwa na haraka.

"Mama, tupeleke. Nyumba iko wapi?"

Dorine hakusogea. Alifungua mkoba wa ngozi, akawapa karte, akangoja waisome mpaka mwisho.

"Kwanza mujue mimi ni nani," alisema. "Halafu tutaona nyumba."